Mkono wangu wa kulia haujastaafu kusuka

Wakuu, hamjambo huko mliko? Niko Chawia, na haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na jirani.

Mimi ni msukaji wa vikapu vya mkonge. Kwa group yetu ya akina mama, mimi ndiye nilikuwa naanzisha: nasuka kitako, wengine wanaendelea kwenda juu. Kitako kikilegea, kikapu chote kinapinda. Kazi hiyo haipewi mtu yeyote tu.

Halafu stroke ikanipiga. Mkono wa kulia ukalala.

Watu wangu wakanihurumia hadi wakanikera. Nalishwa, navalishwa, nafungwa vifungo kama mtoto. Wifi yangu Wakesho akabeba nyuzi zangu. "Wifi, wewe pumzika sasa. Kitako nitaanzisha mimi."

Nililia kwa hasira, tena mbele yake.

Physio wa Voi, yule wa mazoezi ya viungo, ndiye alinifungua macho. Mkono wenyewe ni mzima, akasema. Shida iko kwa ubongo, pale amri ya kusogeza vidole inapotoka. Njia moja imeharibika, lakini zilizobaki zinaweza kujifunza hiyo kazi, bora zilazimishwe. Tena vidole navyo hurudisha habari juu: uzi umekaza, uzi umelegea. Ubongo unapokea, unarekebisha. Mkono ukikaa bure, ubongo utarekebisha nini?

Akasema kila siku niupumzishe mkono wa kushoto kwa muda, wa kulia ufanye kazi.

Basi nikaufunga wa kushoto na leso. Nikaweka nyuzi pajani, ncha nikaibana na kidole cha mguu, nikasokota. Ukatoka uzi wa mafundo matupu.

Wakesho akashika kichwa. "Wifi, si unajitesa bure!"

"Niache nijitese. Mkono ni wangu."

Imechukua miezi, wakuu. Kuna siku vidole viligoma nikatupa nyuzi kwa kuku. Kesho yake nikaziokota.

Juzi nikapeleka kitako kwa group. Kimeenda upande kidogo, sitawadanganya. Wakesho akakivuta, akakigeuza, akakivuta tena. Hakikulegea. Akaketi kando yangu, akachukua nyuzi, akaendelea kusuka kutoka pale nilipoachia.

Nilichojifunza: mgonjwa msaidieni, lakini msimnyang'anye kazi yake. Na wewe uliyeambiwa mkono umekwisha, tafuta physio kabla hujakubali.

Mwenye amepitia hii aseme hapa chini, na wabishi pia mkaribie. Mkiona typo, mtazoea. Nimeandika hii yote na mkono wa kulia.