Winga Chini ya Mkeka

Jumatatu ile Aukuso Lemalie alishuka kitandani kwa awamu, kama alivyozoea katika miaka yake ya mwisho uwanjani. Kwanza aliuteremsha mguu wa kushoto, akausubiri ukubali. Kisha akaugeuza mgongo, ambao nao ulikuwa na masharti yake. Mwisho akajisukuma kwa kiwiko, kwa sababu vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeteguka na kurudishwa mara nyingi mno, na asubuhi havikuwa vya kutegemewa. Mkewe, Lupesina, alikuwa akifunga vifungo vya sare yake ya kazi, akimtazama kupitia kioo.

"Nikuitie winchi, mume wangu?"

"Iite. Na dereva wake aje na chai."

Kicheko hakikufika mbali. Wote wawili walijua kuwa uchovu wa siku hiyo haukuwa wa viungo peke yake. Jumamosi iliyotangulia, katika kipindi cha pili, kijana mmoja wa timu pinzani alikuwa akiambaa na mstari wa pembeni, mpira kwapani, na Aukuso alimjia kumkaba kifuani kama alivyokwisha kuwakaba wengi wasiohesabika. Kijana akateleza kwenye nyasi mbichi. Kichwa kikashuka pale kilipokuwa kifua, na bega la Aukuso likakutana na taya. Taya ilivunjika. Mwamuzi alimtoa Aukuso nje, na alipokuwa akitembea kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, aliisikia sauti ya mwanamke jukwaani ikilia kwa Kisamoa. Aliijua sauti hiyo. Aliisikia kila Jumapili kanisani.

Kijana aliyeumia alikuwa Ionatana Tofaeono, mwana wa shemasi wa kanisa lao huko Mount Druitt, magharibi mwa Sydney. Mama yake na mama yake Aukuso waliimba kwaya moja, sauti moja, bega kwa bega, tangu watoto wao walipokuwa wakibebwa. Ionatana aliingia kwenye raga kwa sababu aliwahi kumwona Aukuso kwenye televisheni akiruka juu ya mstari na mpira mkono mmoja, mwili wote ukiwa hewani nje ya uwanja. Picha ya trai ile, yaani bao la raga, aliibandika ukutani juu ya kitanda chake.

Ilikuwa trai nzuri kweli. Watu wa magazeti waliandika siku ile kuwa Aukuso ana "nguvu za asili" na "mbio za kuzaliwa nazo". Hivyo ndivyo walivyoandika katika maisha yake yote ya uwanjani, na hivyo ndivyo wanavyowaandika wenzake wote wenye majina ya visiwa vya Pasifiki. Hakuna aliyeandika kuwa alikesha akitazama mikanda ya winga aliyepangiwa kukutana naye ili ajue anategemea mguu upi. Akili waligawiwa wale wanaocheza katikati, wenye nywele za rangi ya majani makavu. Yeye aligawiwa mapaja. Alipokuwa shuleni, watu wenye fulana za klabu walifika kumpima urefu na uzito kama ng'ombe wa maonyesho, na mama yake Fuatino, aliyekuwa akisafisha wodi za hospitali, aliwapikia majimbi kwa tui la nazi kwa kudhani kuwa wageni wanaoulizia mtoto wa mtu ni wageni wa heshima. Walimchukua, wakamtumia, wakambadilisha na mwingine. Alikwenda kaskazini mwa Uingereza, akacheza misimu kadhaa kwenye matope yaliyoganda, katika mji ambao mvua yake haikuwa na nia ya kwisha. Goti la kushoto alilimalizia huko. Klabu ya tatu ilimrudisha Sydney kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mwaka huo ulikuwa unaishia.

Alitaka mmoja zaidi. Hakuwa na tamaa nyingine. Winga wa umri wake akikosa mechi za mwisho wa msimu hapigiwi simu tena, na kazi nyingine hakuijua.

Mchana wa Jumatatu hiyo aliitwa ofisini. Meneja wa klabu, Bwana Prescott, alikuwa ameketi na mwanasheria, mwanamke nadhifu aitwaye Hallam. Video ilikuwa imesimamishwa kwenye skrini.

"Tazama mguu wake," Hallam alisema. "Ameteleza. Jumatano kamati ya nidhamu itaona hivyo. Tunakana kosa, unacheza wiki ijayo."

"Sawa," Aukuso alisema. "Ila kesho alfajiri tunakwenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwa Tofaeono. Tunakwenda kukaa chini ya mkeka."

Prescott alilijua jambo hilo: Wasamoa huomba radhi kwa kuketi wamefunikwa mkeka mbele ya nyumba ya aliyeumia. Alilijua vizuri, maana kila mwaka, katika wiki ya kusherehekea tamaduni, klabu yake ilimvalisha Aukuso lavalava, shuka ya Kisamoa ya kiunoni, ikampaka mafuta kifuani, ikampiga picha akiwa ametoa ulimi, na picha hiyo ikatundikwa kituo cha treni ikiwa na ukubwa wa nyumba. Siku hizo alikuwa akimwita "shujaa wetu". Sasa alijifuta uso kwa kiganja.

"Aukuso, ndugu yangu. Fanya hayo baada ya Jumatano."

"Mkeka ukichelewa unakuwa tusi. Watauliza tulikuwa tunangoja nini."

"Ukipiga magoti mbele ya nyumba ya aliyeumia," Hallam alisema, "umekiri. Hakuna mwanasheria atakayeweza kukitoa kichwa chako hapo."

"Mama, kwetu hatuendi kwa sababu ya kosa. Tunakwenda kwa sababu ya damu. Imemwagika, tunakwenda. Nani mkosa, hayo ni mazungumzo ya baadaye, wakati wa chai."

"Kamati haitakunywa chai nao."

Wote wawili, meneja na mwanasheria, walikuwa watu wenye elimu, na hawakukosa uwezo wa kumwelewa. Walikosa haja. Utamaduni wake ulifaa pale ulipokuwa bango.

Jioni, nyumbani kwa Fuatino, familia ilikusanyika. Mkubwa wao alikuwa Tuiloma, kaka yake Fuatino, mwenye jina la heshima la mkuu wa ukoo na mwenye figo ambazo mara kadhaa kwa wiki zilimpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliketi sakafuni, akamsikiliza mpwa wake hadi mwisho, kisha akacheka kimyakimya.

"Sasa tatizo liko wapi? Desturi inasema mwenye jina ndiye anayekaa chini ya mkeka. Mwenye jina ni mimi. Wewe lala kitandani na magoti yako. Mwanasheria wako ataambiwa: hakutoka nyumbani."

"Mjomba, saruji ya kule inaganda alfajiri hizi."

"Nimekaa kwenye baridi kabla hujazaliwa."

"Baridi ya Apia, kule Samoa?" Fuatino alidakia. "Kaka, baridi ya Apia ni feni."

Watu walicheka, hata Lupesina. Kisha wakamgeukia Aukuso, naye akaelewa kuwa wamemwachia yeye. Njia ilikuwa imefunguliwa, na ilikuwa halali. Mzee angekwenda, heshima ingetimia, yeye angecheza. Hakuna ambaye angemlaumu, isipokuwa labda mama yake, ambaye alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

Alimtazama mjomba wake, mkono uliovimba pale sindano za mashine zinapoingia. Alifikiri jinsi yeye mwenyewe alivyochoka. Uchovu wa mazoezi aliujua, nao huisha kwa usingizi. Huu mwingine ulitokana na kusimamishwa kila mara mahali ambapo wengine wamepachagua, na kuambiwa mwili ni wake lakini matumizi yake yana wenyewe.

"Tutakaa wote wawili," alisema.

"Mkataba?" Lupesina aliuliza, kwa sauti ndogo.

Aukuso aliuangalia tena mkono wa mjomba wake. Lupesina akainuka, akaenda kutafuta soksi nzito.

Alfajiri ya Jumanne nyasi za Mount Druitt zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Waliegesha gari mbali, wakatembea. Tuiloma na Aukuso waliketi kwenye saruji mbele ya nyumba ya shemasi, miguu imekunjwa, vichwa vimeinama, na Fuatino akawafunika kwa mkeka mwembamba uliokuwa laini kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Marehemu mama yake Fuatino alikuwa ameusuka, na haukuwahi kutoka sandukuni ila kwa misiba na harusi. Kisha Fuatino na Lupesina wakasimama nyuma yao.

Taa ndani ya nyumba ziliwaka. Pazia lilisogea. Mlango haukufunguliwa.

Chini ya mkeka palikuwa na harufu ya kafuri na ya vumbi la zamani. Goti la Aukuso lilianza kupiga kama jino bovu.

"Wanatuonjesha baridi," Tuiloma alinong'ona. "Ningekuwa mimi, ningekunywa chai kwanza, vikombe viwili."

"Mjomba, uko sawa?"

"Sisikii miguu. Ni afadhali. Yako unaisikia?"

"Naisikia mpaka Uingereza."

Jirani wa pili, mzungu aliyetoka kuvuta pipa la taka, alisimama akaduwaa. Kisha akatoa simu. Lupesina alimwona akipiga picha, akageuza uso. Kwani angemwambia nini? Mtu aliyekuwa akitazama jambo zito kuliko yote aliyowahi kuona barabarani kwake aliona kichekesho cha kuwatumia rafiki zake. Kabla jua halijafika kwenye mapaa ya nyumba, picha ilikuwa imezunguka nchi nzima.

Hatimaye mlango ulifunguka. Hakutoka shemasi. Alitoka bibi yake Ionatana, Bibi Sieni, mwanamke mfupi mwenye fimbo na sweta la mjukuu wake. Alivuta hatua hadi pale walipoketi, akakamata ncha ya mkeka, akauondoa juu ya vichwa vyao kwa mkono wake mwenyewe. Fuatino alianza kulia kwa sauti, naye mama yake Ionatana akaitikia kutoka mlangoni kwa sauti ileile ya jukwaani.

"Inukeni, kakao inapoa," bibi alisema. Kisha akamtazama Aukuso aliyekuwa akijitahidi kusimama, huku Lupesina akimshika kwapa. "Hebu mwone. Wewe mwenyewe husimami, na mjukuu wangu ulimwangushaje?"

"Sijui, Bibi. Samahani sana."

"Ingia. Utamwona. Hawezi kukutukana, mdomo umefungwa waya. Nitamtukania mimi."

Ionatana alikuwa sebuleni, uso umevimba upande mmoja. Alimshika Aukuso mkono akausukasuka, akatamka kwa meno yaliyofungwa, polepole, kama mtu anayesema kutoka ndani ya gunia:

"Niliteleza, kaka. Nitawaandikia."

Aliwaandikia kweli. Jumatano mwenyekiti wa kamati aliisoma karatasi yake, akamshukuru kwa moyo wake mwema, akasema kwamba huruma ya aliyeumia si ushahidi. Halafu akaonyesha picha ya jirani.

"Bwana Lemalie, huyu ni wewe?"

"Wa kushoto ni mjomba. Mimi ni wa kulia. Mkeka umenifunika, lakini viatu ni vyangu."

Mtu fulani alicheka. Hallam alikuwa amemwelekeza aseme kuwa alikwenda kumjulia hali mgonjwa. Ni maneno machache, na yana ukweli wa kutosha kumtosheleza mtu anayetaka kutoshelezwa.

"Ulikuwa ukiomba radhi?"

"Ndiyo."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa taya yake."

"Kama hukufanya kosa, radhi ya nini?"

Aukuso aliitazama meza ile ndefu, glasi za maji, nyuso zilizongoja kwa adabu. Angeweza kuwaeleza. Angeanzia kwa bibi aliyeusuka mkeka, afike kwenye kwaya, apitie Apia na Mount Druitt, na wangetikisa vichwa kwa heshima, kama wanavyofanya katika wiki ya tamaduni. Alikwisha kuwaeleza watu hawa tangu utotoni.

"Niliomba radhi," alisema. "Andikeni hivyo."

Walimfungia hadi mwisho wa msimu. Klabu ilitoa tamko la kusikitika, ikisema inaheshimu asili ya wachezaji wake wote. Ijumaa usiku Prescott alimpigia simu kumweleza kuwa wamekubaliana kutomwongezea mkataba, na kwamba milango iko wazi wakati wowote akitaka kuja kuzungumza na vijana kuhusu utamaduni.

"Picha yangu ya kituoni mtaitoa lini?" Aukuso aliuliza.

"Picha ipi?"

"Basi. Usiku mwema, bwana."

Jumapili Fuatino aliimba bega kwa bega na mama yake Ionatana, na hakuna aliyewageukia kuwatazama.

Jumamosi iliyofuata, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, Aukuso alimpeleka Ionatana hospitali kukazwa waya. Redio ya gari ilikuwa ikitangaza mechi. Mtangazaji alimsifu winga mpya aliyevaa jezi ya Aukuso, mtoto wa visiwani mwenye mbio za kuzaliwa nazo, na papo hapo winga huyo akauangusha mpira mbele ya mstari ulio wazi. Ionatana alicheka kwa puani, akashika taya kwa maumivu, akaendelea kucheka.

"Ungeupata ule," alitamka kwa shida.

"Ningeupata," Aukuso alisema. "Alitangulia kuutazama mstari kabla ya mpira."

Walifika kwenye taa nyekundu. Akanyoosha mkono wenye vidole vilivyopinda, akaizima redio, na taa ilipobadilika akaliondoa gari taratibu ili lisimtikise mgonjwa.