Sahani Iliyoondolewa Mapema

Prenda aliporudi Albania baada ya miaka kumi na moja Ujerumani, kaka yake Ndue alishuka mlimani kwa miguu, mwendo wa saa tatu, kuja kumwona. Prenda akamwekea mkate na jibini.

"Nimeshiba, dada," akasema Ndue. Kwao mgeni hukataa mara mbili, hubembelezwa, ndipo hula.

Prenda akaiondoa sahani. Huko alikotoka, asiyetaka hasumbuliwi.

Ndue akavaa kofia, akaaga. Hapo ndipo Prenda alipokumbuka. Akamkimbilia langoni na sahani mkononi.

"Kaka, kula basi, nakusihi!"

"Kula mwenyewe, Bi Mjerumani," akajibu bila kugeuka, akaanza kuupanda mlima na njaa yake. Hakuja tena.