Kiganja Kisichoyeyusha Theluji

Cheka ukitaka, wengi wamekwisha kunicheka. Lakini hili halikumpata jirani wala shemeji wa jirani. Lilinipata mimi, mchana kweupe, hapa Johannesburg, mwaka 2012, siku theluji ilipoanguka.

Mimi ni mpiga picha. Nilikuwa napiga picha ndogo za vitambulisho kando ya barabara kule Bertrams, na siku ile nani angekuja? Watu wazima walikuwa nje wanarushiana theluji. Nikamwacha mke wangu Furaha chumbani na mtoto wetu mchanga, nikapanda hadi kiwanja kimoja cha Kensington kupiga picha ya chembe moja ya theluji, karibu kabisa. Nilitandika kitambaa cheusi, nikageuza lenzi nyuma mbele na kuibana kwa mkono kwenye kamera, ujanja wa sisi tusio na lenzi ya kukuzia vitu. Shida ni pumzi. Ukihema tu, chembe imekuwa maji. Nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma, na bado niliziharibu zote.

"Ndugu, tumia mukono yangu."

Kando yangu alisimama mwanamume mwenye koti jeusi la mlinzi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, Uvira, nikafurahi. Akanyoosha kiganja kitupu, chembe zikatua. Zilikuwa na ncha sita, zimefumwa kama vile vitambaa ambavyo mama zetu hutandika kwenye makochi. Nikapiga, nikapiga tena. Niamini, furaha hupofusha: sikujiuliza kwa nini haziyeyuki.

Kisha akainama, midomo karibu iguse kiganja. "Bibi yako na mutoto beko wapi?"

"Beko ku nyumba."

Mdomo wangu ulitoa mvuke kama birika. Wake haukutoa kitu, na chembe ilikuwa palepale, nzima. Nikashusha kamera.

"Enda fungula mulango," akasema kwa upole. "Batu ya kwetu bakisikia baridi, banaingizaka mbaula mu chumba."

Sikumuaga. Nilikimbia, nikateleza, nikainuka. Nilipousukuma mlango wetu ulikuwa mzito, umezibwa kwa blanketi chini. Ndani, ile mbaula, debe la mkaa tunalowasha uani siku zote, ilikuwa nyekundu katikati ya chumba. Furaha alikuwa amelala, ulimi mzito, hanijibu. Mtoto alikuwa amelegea. Niliwaburuta wote nje kwenye theluji. Mtoto alikaa kimya, kimya, halafu akalia. Mimi nililia kumshinda.

Jioni mwenye nyumba alitueleza jambo ambalo hakutuambia tulipopanga. Kabla yetu, chumba kile alikaa mlinzi wa Uvira. Alirudi kutoka kazini na baridi yake, akaingiza mbaula, akajifungia. Hakuamka.

Picha ninazo. Mistari ya kiganja chake inaonekana yote, ila Furaha hataki kuziona. Mpaka leo kichwa humuuma kila majira ya baridi, na hatulali bila dirisha kuachwa wazi kidogo, hata maji yagande ndooni. Yule mtu simwogopi. Namhurumia, maana siku yake hakuna aliyetumwa kumgongea.

Nawe unayenisikiliza, moto wa mkaa uache nje, hata mtoto atetemeke, mfunike nguo. Nikipita kwako nikaona mlango umezibwa kwa blanketi sitapiga hodi. Nitauvunja, tugombane baadaye ukiwa hai.