Kigoda cha Kyule

Kwa miaka kumi na minane Mutheu alipiga msasa katika kibanda cha wachongaji kule Baba Dogo, na miaka hiyo yote alikaa nje, juani, pamoja na wanawake wenzake. Ndani palikuwa pa wanaume na matezo yao. Mumewe Kyule alikuwa na kigoda chake karibu na dirisha, na kila mtu alijua sheria: kigoda kikikaa mwezi mzima bila mtu, anapewa mwingine.

Mwaka wa 1994 Kyule alianza kugonga miimo ya milango kwa bega, haoni vya pembeni. Hospitalini wakasema ni presha ya macho, wakampa matone ya asubuhi na jioni. Kwa kuwa macho hayakumuuma, alitia matone siku alizokumbuka tu. Mutheu alipoona chupa haipungui, aliifunga kwenye ncha ya leso yake. Tangu hapo, king'ora cha kiwanda cha jirani kikilia jioni, Kyule alitoka nje kama mtu anayekwenda kujisaidia, akatiwa dawa nyuma ya kibanda, wenzake wasimwone.

Mwaka uliofuata daktari alimpima tena, akatikisa kichwa. Matone peke yake hayakutosha. Alitaka kumpasua, afungue kijitundu cha kupunguza maji yaliyokuwa yakibana jichoni.

"Nitaona kama zamani?" Kyule aliuliza.

"Hapana, mzee. Kilichokwenda hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Kyule alisimama. "Sasa nipasuliwe ya nini?"

"Ya hicho kilichobaki," Mutheu alisema. "Ni kidogo, lakini ndicho kinachoniona mimi."

"Wiki sita bila kuinama, bila vumbi. Phares atakuwa ameshampa mtu kigoda." Phares ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wachongaji.

"Kigoda niachie mimi."

Jumatatu baada ya upasuaji, Kyule akiwa nyumbani na kikinga jichoni, Mutheu aliingia kibandani na msasa wake, akaketi karibu na dirisha. Matezo yakanyamaza.

"Mama Kyalo," Phares alimwita kwa jina la mwanawe, "umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Hapo hukaa fundi."

"Fundi yuko nyumbani anatunza macho. Mimi natunza mahali pake."

"Na akirudi haoni?"

"Basi utampa mwingine. Lakini bado hajarudi."

Mchongaji mmoja akacheka. "Shika tezo basi, utuchongee ndovu."

"Wako wa jana ana masikio ya mbuzi," Mutheu alisema bila kuinua uso. "Nimempiga msasa mwenyewe, namjua."

Alikaa wiki zote sita. King'ora cha mchana kikilia, alitandika leso juu ya kigoda, akaenda kumtia Kyule dawa, akarudi. Siku moja aliikuta leso chini, ina alama za viatu. Aliikung'uta, akaketi.

Wiki ya saba Kyule alirudi, na Mutheu akampisha kigodani. Presha ilikuwa imeshuka. Kuona kulikuwa kulekule kudogo. Phares akamsogezea gogo hadi magotini.

"Lirudishe lilipokuwa," Kyule alisema. "Nitageuza shingo."

Mutheu alitoka kwenda kwa wenzake juani. King'ora cha jioni kilipolia, Kyule hakutoka. Mutheu aliingia na chupa yake, akapita katikati ya wanaume wote, na mumewe akaweka tezo chini, akainua uso.