Kipimajoto Kilichonisomea Vizuri

Leo nacheka nikiandika, ila siku ile sikucheka. Jirani yangu hapa Kakamega, Mama Khavere, alikwenda Iguhu kumuuguza dada yake, akaniachia kobe wa marehemu mumewe.

"Ni huyu tu mzee ameniachia," alisema. "Asipate baridi, mwanangu."

Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nilitundika balbu ya joto kwa waya imara, mbali na pazia, nikaweka beseni la maji hewa isikauke. Kipimajoto nilikipigilia ukutani usawa wa macho yangu, nisisumbuke kuinama. Kikasoma nyuzi thelathini. Nusu ya Kakamega ilikuja kutazama, nami nikawahutubia kama profesa.

Siku ya tatu kobe aliacha kula, hata kichwa hakutoa. Nikawaambia majirani anamlilia mzee.

Mama Khavere aliporudi nilimwonyesha kipimo mbele yao. Hakukitazama. Alipiga magoti, akagusa saruji alipolala kobe, kisha akamfunika kwa leso na kumkumbatia mpaka kichwa kikachomoza kidogo.

"Sakafu ni barafu," akasema polepole. "Sasa hili joto lilikuwa la nani?"

Nilikuwa nimesimama chini ya balbu, natiririka jasho.