Wakala Kaipenda Riwaya, Tunduma Haitaki

Jamani, wakala wa vitabu kanipigia leo!
Yule wa Dar niliyemtumia muswada wa riwaya yangu.
Nikaweka spika mama asikie, maana nimeandika habari zake: mjane anayevusha mchele hapa mpakani Tunduma kwenda kuuza Zambia.

"Dada, unaandika vizuri sana," akasema.
Mama akapiga kigelegele.

"Ila Tunduma nani anaijua? Hamishia Zanzibar. Na huyo mama mpunguzie umri, awe mrembo kidogo."

Mama akaniangalia.
"Kwani mimi nina kasoro gani?"

Nikakata simu.

Sasa wakala kaniandikia kwamba sina adabu, nisimtafute tena. Sawa.
Lakini mama kaingia chumbani, kajifungia.
Ninyi mngemjibu mama nini?