Askari Watatu Darajani

Soko huria lilipotuletea kompyuta za mitumba, tajiri wangu alinunua moja Dar es Salaam akaiweka kwenye duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi, Lushoto mjini. Mchapaji nilikuwa mimi. Ndani yake tulikuta gemu la vita, na kaka yangu akalipenda kuliko chakula.

Lilichezwa na watu wawili, kwa zamu. Kila kikosi kilianza na askari kumi. Kikipigwa, idadi ilishuka, na makali yakashuka nayo: kikosi kilichobaki na watano kilipiga kwa nusu ya nguvu za kikosi kizima. Kukirudisha nyuma kikapumzike kulikijaza tena, lakini ulipoteza ardhi. Kaka hakuwa na subira hiyo. Majeruhi aliwasukuma mbele wafe, wazima wapate njia, na mara nyingi alinishinda.

Siku hizo nyumbani hapakukalika. Kaka alitaka kuingia jeshini. Baba, mtu wa Iringa aliyekuja Bumbuli kufanya kazi ya chai baada ya jeshi kumwachisha kwa sababu ya mguu, alikataa bila kueleza. Wakawa hawasemezani. Maneno yao niliyabeba mimi.

Alasiri moja ya siku ya soko, baba aliingia dukani akikimbia mvua, akamkuta kaka kwenye kompyuta.

"Shikamoo," kaka alisema, macho yakiwa kwenye kioo.

"Marahaba." Baba akavuta kiti. "Ndilo jeshi lako hili?"

"Cheza na mimi, baba. Nikikushinda, uniache niende."

Nilidhani baba atamzaba kofi. Badala yake alinigeukia mimi. "Haya, nifundishe."

Nilishika kipanya, yeye akawa ananionyesha kwa kidole. Alicheza vibaya. Kila kikosi kilichoguswa aliagiza kirudi nyuma, hata kilichopoteza mmoja tu. Kaka alichukua kijiji baada ya kijiji, akiwa ameuma meno. Mwisho baba alibaki na daraja, na juu yake askari watatu.

"Baba, wapige," nilimwambia. "Bado wana makali kidogo. Watamchelewesha."

"Watatu hawapigi," alisema. "Mmoja ameumia, wawili wamembeba."

Kaka akaguna. "Hili ni gemu, baba."

"Najua ni gemu. Mimi ndiye niliyebebwa." Sauti yake haikupanda. "Waliponifikisha, mmoja alirudi kumchukua majeruhi mwingine. Hatukumwona tena."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema hata hayo. Mvua ilikuwa inapiga bati. Niliwarudisha wale watatu nyuma, na daraja likabaki wazi.

Ilikuwa zamu ya kaka. Mkono wake ulikaa juu ya kipanya muda mrefu, nami nikawa naomba kimoyomoyo umeme ukatike. Haukukatika. Alivusha kikosi chake, gemu likaisha.

"Umeshinda," baba alisema. "Nenda." Akatoka, mvua ikimnyeshea, akichechemea kuelekea stendi.

Nilimgeukia kaka kwa hasira. "Ungemwachia!"

"Angejua nimemwachia," alijibu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Siku ya safari baba ndiye aliyembebea begi hadi Mombo, nami nikawafuata. Jua la bondeni lilituchoma sisi tuliozoea ukungu. Wakasimama kando ya barabara kuu, baba akimsemesha kwa sauti ya chini huku amemshika mkono, na sikusogea karibu. Basi lilipoondoka, baba aliniuliza kama nimepata nafasi kwenye gari la kurudi. Kona zote za mlimani alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Kaka alitumikia miaka mingi, akarudi mzima. Leo anafuga ng'ombe wa maziwa Kwai. Baba alikuwa bado hai siku kaka aliporudi, na alitoka mpaka njiani kumpokea.